Kutembea Mikono Mitupu

Butembo haijawahi kuona treni. Chef de gare, yaani mkuu wa stesheni, hata hivyo, ilikuwa naye. Aliitwa Melchior Kakule, na mali yake ya kikazi ilikuwa kofia moja, daftari moja kubwa, na kipande cha ardhi chenye upana wa hatua kumi na tano kilichoanza kilimani nyuma ya shule na kuteremka katikati ya nyumba za watu hadi kijitoni.

Ardhi hiyo ilipimwa na Wabelgiji walipokuwa karibu kufunga virago. Walikuja na vyombo vyao vya miguu mitatu, wakachungulia, wakapanda mawe ya saruji pande zote mbili, wakasema reli itapita hapa, kisha wakaenda kula na hawakurudi. Baba yake Melchior ndiye aliyeachiwa kulinda mawe. Alipofariki, ilikuja barua kutoka Kinshasa ikimteua mwanawe kuwa chef de gare wa muda, na kwa kuwa hakuna aliyeandika barua nyingine ya kusema muda umekwisha, Melchior aliendelea kwa miaka thelathini na moja. Mshahara ulikoma zamani. Nchi yenyewe ilibadilishwa jina. Yeye aliendelea tu.

Kila asubuhi alivaa kofia, akateremka mstari wake kutoka jiwe hadi jiwe, aking'oa maharagwe yaliyopandwa kwa wizi na kufukuza mbuzi. Akifika kijitoni alifungua daftari, akaandika tarehe, na mbele yake maneno mawili ya Kifaransa: «Train: néant.» Yaani treni hakuna. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, néant.

Msidhani kulinda kiwanja kitupu mjini kwetu ni kazi nyepesi. Mtu wa Butembo akiona ardhi isiyo na kitu, mikono humwasha. Hata kaburi huwa analizungushia vitunguu. Kama mstari ule ulibaki wazi miaka yote hiyo, ni kwa sababu ya ukaidi wa mtu mmoja, ambaye alimkataza hata mke wake mwenyewe, Anne-Marie, kupanda mche mmoja wa boga.

Halafu vita. Ya kwanza ilipita mbio, ya pili ikaja ikakaa. Waasi walikuwa wakigawanyika kila msimu, na kila kundi jipya lilikuja na herufi za jina lake, mpaka watu wakachoka kuzikariri. Ilipofika mwaka elfu mbili, njia za kwenda mashambani zilikuwa hazipitiki, wageni waliokimbia vijiji vyao walikuwa wamejaa katika kila nyumba, na mji mzima ulikuwa umekaa ndani ukitazamana.

Ndipo Mama Godelive, mfanyabiashara wa vitenge na mkuu wa akina mama wa mtaa, alipomwendea Melchior.

«Chef,» alisema, «batu beko nakufia mu manyumba. Bazee beko naikala tu, magoti inakauka. Tunaomba hii nafasi yako ikuwe parc.»

«Parc ya nini?»

«Ya batu. Tutaweka ba-banc, tutapanda maua, batu batembee. Mi niliona vile kule Kampala.»

«Batembee baende wapi?»

«Bapande mpaka kule yulu, kisha bashuke.»

Melchior alilifikiria jambo hilo. «Na kule yulu bataenda kutafuta nini?»

«Hapana kitu.»

«Na huku chini?»

«Huku nako hapana kitu, Chef. Ni ya kupumzisha roho tu.»

Melchior aliomba apewe muda. Hakulala vizuri. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Aliwahurumia wazee wale. Lakini kuruhusu ua moja kwenye mstari ilikuwa ni sawa na kusema treni haitakuja, na kusema treni haitakuja ilikuwa ni kusema kwamba baba yake alipoteza maisha yake akilinda saruji, na yeye vilevile. Mtu hawezi kusema jambo kama hilo kwa ajili ya benchi.

«Papa Keren,» alisema Anne-Marie, kwa kuwa binti yao wa kwanza aliitwa Keren, «mimi ulinikatalia boga, nikanyamaza. Lakini bazee batembee kidogo, hata treni yenyewe haiwezi kukasirika.»

Basi akaruhusu, kwa masharti. Aliyaandika kwa mkono wake, ibara tisa. Mabenchi yawe ya kuondoleka kwa dakika kumi. Maua yasiwe na mizizi mirefu. Wapandao wapite kulia. Mlio wa treni ukisikika, wote wasimame nyuma ya mawe. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: KWA MUDA, HADI TRENI IFIKE. Mama Godelive alitia sahihi bila kutikisa hata ukope, na kwa jambo hilo mimi namheshimu mpaka leo.

Kwa salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, ya Jumamosi nne bustani ilikuwa tayari. Wakatoliki walileta mbao za mikaratusi, Waprotestanti walileta maua, kisha wakabishana nani alileta zaidi, kwa hiyo kila upande ukaongeza. Njia ilimwagiwa changarawe safi kutoka kijitoni. Jumatatu jioni watu walikuja kwa wingi, wamevaa vizuri, wakasimama kando ya mawe. Hakuna aliyetembea.

Hapo pana kosa, na kosa hilo ni letu wenyewe, hakuna wa kumsingizia. Sisi hatujui kutembea bure. Tangu mtoto aweze kusimama, anatumwa, na akitumwa, anabeba. Mwanamke anayepita njiani bila kikapu mgongoni na kamba kwenye paji la uso, watu humuuliza kwa huruma nani amefariki. Mwanamume aliyening'iniza mikono huambiwa aende kwa daktari. Na sasa walitakiwa kupanda mlima, mchana kweupe, mbele ya majirani, bila kubeba kitu na bila kwenda popote. Walitazamana mpaka giza lilipoanza kuingia, wakarudi nyumbani.

Kesho yake Mama Godelive alikuja na dawa. Alikuja na kikapu mgongoni, na ndani ya kikapu alikuwa ametia jiwe kubwa kama boga. Alipanda mpaka juu akihema, akateremka, akakaa kwenye benchi bila kuteremsha mzigo, akafumba macho.

«Nimepumzika,» alisema.

Siku iliyofuata walikuwa arobaini. Mmoja alibeba blanketi lililolowa maji, mwingine kikapu chenye vikapu vingine ndani. Mzee mmoja alisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na gurudumu la mbele, kazi ambayo ingemshinda kijana. Mchungaji Ananie, mtu mrefu mwenye heshima zake, hakuwa na kitu chepesi nyumbani ila mlango wa choo uliokuwa ukingoja bawaba, akaubeba begani. Aliupandisha na kuuteremsha kila jioni kwa majuma matatu, akisalimia watu kwa kugeuka, na kila alipogeuka watu sita waliinama. Magoti ya wazee yalilainika. Watu wakaanza kucheka tena jioni. Melchior mwenyewe aliridhika, maana penye reli lazima pawe na mizigo, na asubuhi aliandika: «Train: néant. Bagages: nyingi.»

Sasa, pale juu, mahali mstari unapokutana na barabara, askari walikuwa wameweka barrière, kizuizi chao cha kamba, na aliyeilinda aliitwa Onésime. Alikuwa mkulima wa kutoka upande wa Mabalako kabla ya kupewa bunduki, na alikuwa na tabia ambayo ni hatari kwa askari: alifanya kazi yake. Aliona watu mia mbili wakipanda na mizigo hadi hatua chache kutoka kamba yake, wakigeuka, wakiteremka na mizigo ileile. Aliona wakifanya hivyo kila siku. Akashuka kuuliza.

«Mama, hii jiwe inatoka wapi?»

«Kwangu,» alijibu Mama Godelive.

«Inaenda wapi?»

«Kwangu.»

Onésime aliligeuza jiwe, akalinusa, akalirudisha. Alikamua blanketi. Alihesabu vikapu ndani ya kikapu. Jioni ile aliandika katika kijitabu chake: «Mulango umepanda saa kumi. Mulango umeshuka saa kumi na moja.» Kesho yake aliandika hivyo hivyo. Baada ya siku tano za mlango, ujumbe ulitumwa kwa phonie, redio ya mawasiliano, hadi Beni, kwa wakubwa, kwamba Butembo kuna magendo makubwa sana, makubwa kiasi kwamba mzigo wenyewe hauonekani.

Siku mbili baadaye Commandant Jephté alifika kutoka Beni ndani ya gari lisilo na vioo. Alikuwa mtu mfupi aliyezoea kwamba kila kitu kina kitu kingine nyuma yake. Kwanza aliukamata mlango wa mchungaji. Aliamuru upasuliwe kwa msumeno katikati, kisha kila nusu ipasuliwe tena, aone kilichofichwa ndani. Alikuta mbao. Ndipo akamwita Melchior.

«Mzee, iko wewe mukubwa wa hii fasi?»

«Ndiyo, Commandant. Chef de gare.»

Neno hilo lilimpita tu, maana alikuwa akiwaza mlango. «Donc, batu mia mbili banabeba majiwe kila siku, yulu na chini, mu wakati ya vita, na wewe unaniambia hapana kitu?»

«Hapana kitu. Ni kutembea.»

«Kutembea hivi hivi?»

«Hivi hivi, Commandant.»

«Na mizigo ni ya nini?»

Melchior alikuwa mtu wa kweli, na kweli ilimtia aibu. «Ni juu ya haya,» alisema. «Batu banaogopa kuonekana babure.»

Commandant alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyeuziwa saa mbovu. «Sawa. Samedi saa kumi, batembee bote mbele yangu, mikono mitupu. Mutu moja akibeba kitu, hata kijiko, ni magendo. Nafunga hii fasi na naweka camp yangu.»

Habari ilienea kabla gari halijawashwa. Kambi kwenye mstari! Melchior aliporudi nyumbani alikaa bila kuvua kofia. Aliona tayari mahema juu ya changarawe, choo cha askari juu ya maua, na mawe ya baba yake yameng'olewa kuwa mafiga ya sufuria. Alimwambia Anne-Marie kwamba kama mstari huo utachukuliwa mikononi mwake, ni afadhali asingezaliwa. Anne-Marie alimwekea chakula, naye hakukigusa.

Jumamosi saa kumi mtaa wote ulikuwapo, na kila mtu mikono mitupu. Jamani, ilikuwa huzuni kuiona mikono ile. Haikujua iende wapi. Wengine waliificha kwapani, wengine mgongoni, kama watoto walioiba sukari. Wanawake waligusa mapaji yao ya uso kutafuta kamba. Mchungaji Ananie alisimama akiwa ametanua mikono kwa kadiri ya mlango, hawezi kuikunja. Commandant Jephté aliketi juu ya boneti ya gari lake, akangoja. Hakuna aliyeinua mguu. Dakika kumi zilipita, kisha ishirini.

Melchior aliona lazima aanze yeye. Alijitokeza na kofia yake kichwani na daftari kwapani.

«Afande,» alisema Onésime, «ule iko na daftari.»

«Hii hapana muzigo,» alijibu Melchior. «Ni ya service.»

Commandant alinyoosha mkono, akalichukua, akafungua. Akasoma ukurasa. Akafungua katikati, akasoma. Akafungua mwanzo. Néant, néant, néant. Uso wake ulibadilika polepole.

«Hii ni reli?»

«Ni fasi ya reli, Commandant.»

«Treni inapita hapa?»

«Itapita,» alisema Melchior, kwa mazoea, kabla hajajua amesema nini.

Commandant aliruka kutoka kwenye boneti. Uchovu wote ulimtoka. «Lakini reli ni affaire ya jeshi. Reli ni stratégique. Sikia, Mzee. Kama treni iko nakuja, hii kiwanja ni yetu, tutaingojea sisi benyewe. Kama treni haikuje, ni fasi ya batu ya kutembea bure, na mi sina kazi na batu ya bure. Sema mbele ya bote. Inakuja, ao haikuje?»

Mtaa wote ulimgeukia Melchior. Hao ndio watu waliomwambia Melchior kwa miaka yote hiyo, kila walipokutana naye kwenye mstari, «itakuja, Chef,» kwa sababu ya adabu, na kwa sababu walimpenda. Mama Godelive alifungua kinywa ili ajibu kwa niaba yake, akakifunga. Kuna maneno ambayo mtu hawezi kusemewa.

Melchior alitazama juu, alitazama chini. Kwenye mabenchi walikuwa wameketi wazee waliokimbia vita kutoka vijijini, watu ambao majuma matatu nyuma walikuwa wakibebwa kwenda uani. Walikuwa wakimtazama yeye. Alitamani sana baba yake awe hai ili amwombe ruhusa, na alifurahi pia kwamba hayuko hai ili asisikie.

«Treni haikuje,» alisema.

«Mwaka gani haikuje?»

«Hata mwaka moja, Commandant. Haijakuja na haitakuja.»

Alivua kofia, akaiweka juu ya boneti. Alilitazama daftari lililokuwa mkononi mwa Commandant na hakuliomba. Kisha akabaki amesimama, mzee mwenye upara, na mikono miwili ambayo kwa miaka thelathini na moja haikuwahi kukosa kazi asubuhi hata moja.

Anne-Marie alitoka katikati ya wanawake. Alikuja polepole, akasimama kando yake, na kwa kuwa mikono yake mwenyewe ilikuwa mitupu na ya mumewe mitupu, akaushika mmoja. Minong'ono ilipita kati ya watu. Mke na mume, watu wenye wajukuu, kushikana mikono mchana, hadharani! Wazee wawili waligeuza nyuso, kisha wakazirudisha ili wasikose kuona.

«Papa Keren,» alisema, «tunaenda wapi?»

«Hapana mahali.»

«Basi twende.»

Wakateremka. Changarawe ililia chini ya miguu yao na hakuna sauti nyingine iliyosikika. Kisha Mama Godelive akamshika mkono jirani yake, kwa kuwa angalau mkono wa mtu ni kitu cha kushika, na jirani akamshika mwingine. Mchungaji Ananie, kwa mikono yake iliyotanuka, alipata watu wawili kila upande. Ikawa mstari mrefu wa watu walioshikana, Wakatoliki kwa Waprotestanti, wenyeji kwa wageni, wote wakitazama mbele kwa aibu kubwa, mpaka mtu mmoja huko nyuma akaanza kucheka na wote wakaambukizwa.

Commandant Jephté alitazama. Hakuna kikapu, hakuna jiwe, hakuna kijiko. Bado alikuwa na shaka, akataka kujaribu mwenyewe. Alipotia mguu kwenye changarawe, Mama Godelive aliyekuwa akipita alisimama.

«Commandant, samahani. Ile bunduki ni muzigo.»

Sijui kwa nini alitii. Nadhani sauti ile ilifanana na ya mama yake. Alitupa daftari ndani ya gari, akampa Onésime bunduki, na Onésime akabaki nje ya mawe na bunduki mbili, mtu pekee mwenye mzigo Butembo nzima. Commandant alitembea mpaka benchi la tatu, akageuka kuangalia nyuma yake, akaangalia chini ya benchi, akarudi.

«Ni bure kabisa,» aliwaambia watu wake. «Hata taxe haiwezekani.» Akapanda gari akaenda zake Beni, na daftari, alilolisahau ndani ya gari, likaenda naye.

Melchior na Anne-Marie walikuwa wamefika kijitoni. Waliketi kwenye benchi la mwisho. Anne-Marie, aliyemjua mumewe, aliogopa kwamba sasa atalia. Alimpa muda. Maji yalipita. Nyuma yao watu waligeuka na kupanda tena, bado wanacheka.

«Inakuuma?» aliuliza hatimaye.

«Hapana,» alisema Melchior. Alifikiri kama kweli ni hapana, akaona ni kweli. Alivuta pumzi mpaka mwisho. «Mama Keren, kuna neno sijaambia mutu. Kila asubuhi nikifika hapa, kabla ya kuandika, nilikuwa nasikiliza. Nikisikia kimya, roho inashuka. Nashukuru Mungu.»

«Unashukuru juu ya nini?»

«Juu haijakuja.» Alitazama viatu vyake. «Ingekuja, ningefanya nini? Mi sijaona treni hata siku moja. Baba naye hakuona. Ingesimama hapa mbele yangu, batu banashuka, bananiangalia mimi, na mi sijue hata mbele yake ni upande gani.»

Anne-Marie alimtazama mtu huyo aliyeishi naye miaka thelathini na moja. Alijaribu kujizuia, kwa heshima. Alikaza midomo, akaangalia maji, akaangalia mbingu, kisha ikamshinda. Alicheka mpaka akainama, mpaka machozi yakamtoka, mpaka watu waliokuwa wakipanda wakasimama kutazama. Melchior alikasirika kidogo. Halafu naye akaanza kucheka, mwanzoni kwa uangalifu, kisha bila utaratibu wowote.